Sinia Moja

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, akatuwekea wa kutulisha kabla hatujajua hata kuomba. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake na masahaba wake wote.

Wazee wangu na ndugu zangu waumini wa Utete, nanyi mliotoka Ikwiriri, Kibiti na vijiji vya bondeni mkajaaliwa kusali nasi leo, na mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia: nawaomba masikio yenu.

Leo nitazungumza juu ya chungu kilichoko mafigani, juu ya sinia, na juu ya watu wanaolizunguka. Huenda yupo mzee safu ya mbele anayejiuliza kwa nini siku tukufu kama hii itumike kuzungumzia mapishi. Mzee wangu, Mwenyezi Mungu ndiye aliyetangulia. Katika Suratu Abasa anamwamrisha mwanadamu akitazame chakula chake, kisha anamhesabia: maji yaliyomiminwa kutoka juu, ardhi iliyopasuliwa, nafaka iliyooteshwa, mizabibu, mizeituni, mitende, na malisho ya wanyama wake. Halafu, pale pale, sura inaingia katika siku ambayo mtu atamkimbia ndugu yake, mama yake na baba yake, mkewe na wanawe. Sahani na Kiyama vimewekwa jirani. Nami kila nikiisoma sura hiyo nawaza kwamba hao atakaowakimbia siku ile ndio hao aliokuwa akila nao. Basi itakuwaje kwetu tukianza kuwakimbia leo, siku yenyewe haijafika?

Sisi watu wa Rufiji aya ya chakula haihitaji tafsiri ndefu. Maji yanamiminwa mbali, yanateremka kwa Kilombero, kwa Luwegu na kwa Ruaha mpaka yanakuwa mto huu mmoja tunaouona. Yakijaa yanalala bondeni. Yakiondoka yanaacha tope, na katika tope hilo tunapanda mlau: mahindi, kunde, maboga. Mpunga nao una wakati wake. Watoto wanapanda juu ya dungu kuamia ndege, baba anakesha kuwafukuza nguruwe na viboko. Wazee wetu walihamishwa bondeni mwaka 1968 na 1969 wakaletwa vijiji vya juu, lakini msimu ukifika familia bado zinateremka, zinajenga dungu, zinalala huko na mpunga wao. Mtu aliyekesha juu ya dungu hawezi kusema chakula kinatoka dukani.

Sasa mfuateni mpunga huo mpaka jikoni, maana wanaume wengi tunauacha mlangoni na gunia lake tukadhani safari imekwisha.

Mama ameutwanga kinuni au ameutoa mashineni. Anaupeta kwa ungo, pumba zinaruka, mchele unabaki. Anauchagua, chuya huku, jiwe huku, na macho hayatoki ungoni, kwa sababu jiwe moja likimponyoka litavunja jino la mtu. Anakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Anaikamua kwenye kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, analiweka kando kwa ajili ya mchuzi, na la pili ndilo la kupikia wali. Vifuu havitupwi, vinangoja motoni. Tui linachemka, chumvi inaingia, mchele unaingia. Likikaribia kukauka anafunika, anapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, wali uive kwa joto la pande mbili. Kwenye mafiga ya pili kuna perege wa Ziwa Zumbi au kambale wa mtoni, na kwa ndugu zetu wa delta ni kamba. Embe bichi limekatiwa humo ili mchuzi uchachuke kidogo. Tui zito linaingia mwisho, na likishaingia haendi popote. Anakoroga taratibu kwa upawa lisikatike, moshi unamwingia machoni naye anakoroga. Harufu inatoka uani, inavuka ua wa makuti, na mtoto anayetoka madrasa aliyekuwa akitembea anaanza kukimbia.

Waumini, kuna furaha katika kazi hii, nami nataka niitaje kwa sauti, hapa ndani ya msikiti, kwa kuwa siku hizi naisikia ikitajwa kama adhabu au kama kazi ya mtu aliyekosa kazi. Si kweli. Mwenye kupika nyumbani ana elimu ambayo hakuna chuo kinachoitoa. Anajua huyu hali pilipili, yule anataka ukoko, babu meno hayapo hivyo wali wake uwe bwabwa, na mtoto aliyeamka na homa atakubali uji tu, tena ukiwa na ndimu. Anamjua kila mtu kwa tonge lake. Anapopakua anagawa kwa elimu hiyo, na wakati mwingine anajisahau mwenyewe. Simsemi vibaya mama lishe wa stendi. Anatafuta halali, na wako watu wazima humu waliosomeshwa kwa vitumbua. Ila yeye anamlisha mteja. Yule wa nyumbani anakulisha wewe, kwa jina lako.

Na furaha hiyo haiishii chunguni. Uwanja uliofagiliwa alfajiri hata mistari ya fagio inaonekana. Mtungi umejaa na kata iko juu ya kifuniko chake. Mkeka wa ukindu uliosukwa hapa hapa kwetu umetandikwa kivulini, chini ya mwembe. Katika Suratu An-Nahl Mola wetu anazitaja nyumba zetu kuwa amezifanya mahali petu pa utulivu. Neema hiyo ameitaja Yeye, lakini kuna mikono aliyoitumia kuileta.

Nani basi aliyesema mikono hiyo haina thawabu? Saad bin Abi Waqqas, alipokuwa mgonjwa, alielezwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba chochote anachokitoa akitaka radhi za Mwenyezi Mungu atalipwa, hata tonge analomtia mkewe kinywani. Tonge moja, ndugu zangu, la sekunde chache. Ikiwa aliyelinyanyua analipwa, fikirieni aliyelipika tangu lilipokuwa punje ya mpunga. Ni nia tu. Mama yangu usemaye bismillahi unapoinjika chungu, ukakusudia kuwashibisha viumbe wa Mungu aliokukabidhi, wewe uko katika ibada mpaka unaepua.

Tuitazame nyumba ya Mtume mwenyewe. Bibi Fatima, binti yake kipenzi, alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe mpaka mikono yake ikaota sugu. Katika mapokezi mengine tunaelezwa kuwa mumewe, Ali, naye alikuwa akiteka maji mpaka kifua kikamuuma. Fatima akasikia baba yake ameletewa mateka, akaenda kumwomba mtumishi wa kumsaidia. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha ujumbe. Usiku Mtume akaenda nyumbani kwao. Wao wameshajilaza, wanataka kuinuka, akawazuia, akaketi kati yao mpaka ubaridi wa miguu yake ukahisiwa. Akawaambia atawapa kilicho bora kuliko mtumishi: wakienda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34.

Kisa hiki tunakijua tangu madrasa, lakini tunakisoma haraka tukikimbilia hesabu ya tasbihi. Mimi naomba tusimame kidogo kabla ya hapo. Binti ana sugu mikononi. Baba anasikia. Hakusema kwamba hiyo ni kazi ya wanawake wote na avumilie. Aliondoka usiku, akatembea mpaka kwake, akakaa karibu naye. Na yule mume hakuwa ameketi barazani akisubiri mkate. Alikuwa ndoo kwa ndoo kisimani. Hiyo ndiyo nyumba bora kuliko zote tunazozisikia, na ndani yake kila mmoja ana alama ya kazi mwilini.

Mtume mwenyewe je? Bibi Aisha aliulizwa alikuwa akifanya nini awapo nyumbani. Akaeleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba alikuwa akishona nguo yake, akitengeneza viatu vyake na kumkama mbuzi wake. Mtume wa walimwengu wote, ambaye wahyi ulikuwa ukimshukia! Na sisi, bwana mmoja mwenye pikipiki na simu mbili, kumwagia kuku maji tunaona aibu.

Na kuhusu chakula chenyewe, hakuwahi kukitia ila. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Siku moja aliuliza nyumbani kama kuna kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiagiza, akawa anakula nayo huku akiisifu kuwa kitoweo kizuri. Siki, ndugu zangu! Hebu mwanamume aliyesukuma sahani wiki hii kwa sababu chumvi imepungua, au kwa sababu amekuta matembele siku ya pili mfululizo, ajiulize angefanya nini na siki. Mwanamke aliyesifiwa matembele yake na mchicha wake hupika kesho kwa moyo mwingine. Semeni nao. Mwambieni: jazaakillahu khayran, umetushibisha. Maneno hayo hayahitaji fedha, na katika nyumba nyingi za hapa hayajasikika tangu harusi.

Lakini nina jambo zito zaidi, na hili nalisema kwa wanaume. Furaha hailazimishwi. Mwanamke aliyeamka alfajiri, akateremka bondeni akapalilia mpunga bega kwa bega nawe, akarudi na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, kisha akaanza kukuna nazi wewe ukiwa umejinyoosha barazani: ukimhubiria mtu huyo furaha za jikoni unamdhulumu. Mchukulie kuni. Teka maji. Wenyewe mnajua kwamba kinachoitwa kuteka maji katika mto huu kina mamba ndani yake. Wako wanawake waliokwenda na ndoo hawakurudi. Ali aliteka maji ya kisima mpaka kifua kikamuuma, wewe unamtuma binti yako mtoni jioni?

Na moshi. Tumeuzoea tukadhani ni sehemu ya upishi. Macho mekundu ya bibi zetu na kikohozi chao visiwe kitu cha kawaida. Mwezi Mei 2024 taifa letu lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Juu ya mto wetu huu limejengwa bwawa la megawati 2115. Haya ni mambo ya kushukuru na kuyafuatilia. Ila usingoje mwaka 2034 kumwekea mkeo dirisha jikoni. Kuni zikauke kabla ya kuchomwa. Jiko banifu la udongo linajengwa kwa udongo ule ule tunaokanyaga. Mwanamume anayenunua redio kubwa kabla hajatoboa dirisha la jikoni ana la kujibu mbele ya Mola wake.

Jambo jingine linaanza hata kabla moto haujawashwa, nalo ni kile kinachoingia chunguni. Yupo anayenunua mpunga wa mjane ungali shambani, kwa bei ya dhiki, kwa kuwa mtoto wa mjane anaumwa. Yupo anayeshindilia lumbesa mpaka gunia linaota kichwa, akamlipa mkulima gunia moja. Kisha anarudi nyumbani anapakuliwa wali wa nazi, anasema bismillahi. Mkewe amepika kwa nia safi na jasho la halali, yeye ameingiza moto katika sinia la wanawe. Na yupo mwingine ambaye mpunga ni wake kabisa, lakini mavuno yakitoka anauza mpaka gunia la mwisho bila kumuuliza aliyepalilia naye, na ikifika masika nyumba inakopa unga. Ghala la chakula lina haki yake kwanza. Mwenye nyumba mbili ajue pia kuwa vyungu viwili vitashuhudia: kimoja kisipikiwe samaki kila siku na kingine majani ya kunde.

Masahaba waliwahi kumlalamikia Mtume kwamba wanakula lakini hawashibi. Akawauliza kama pengine wanakula kila mtu peke yake. Wakakubali. Akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa ndani yake. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud, na naiona kana kwamba imeteremkia mitaa yetu. Baba amekula chipsi barazani kwa watu. Kijana amechukua sahani ameingia nayo chumbani na simu. Binti amekula jikoni kwa kusimama. Mama anakwangua kilichobaki sufuriani. Wote wamekula, hakuna aliyeshiba, na hakuna anayejua mwenzake leo amepatwa na nini.

Sinia moja linafanya kazi kubwa. Watoto wananawa, wanamngoja mkubwa aanze. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto, mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume akamfundisha pale pale ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Somo la tabia, la haki ya mwenzio na la kumkumbuka Mola, katika tonge moja. Siniani ndipo mtoto anapojifunza kumsogezea mdogo wake kipande cha samaki na kumtolea miba. Ndipo baba anapoona kwamba huyu mkubwa leo hali vizuri, akauliza, akaambiwa kuhusu shule au rafiki mbaya. Anayekula peke yake nani atamuuliza?

Aprili 2024 maji yalipoingia Muhoro na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti tulijifunza tusichokuwa tukikijua. Nyumba zilikwenda, mashamba yalikwenda, na mpunga uliokuwa unangoja kuvunwa ukaoza majini. Watu walipokea unga na maharage ya msaada, na Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa. Lakini aliyekaa na familia zile anajua kilichotamaniwa. Mama alitamani mafiga yake. Alitaka kupika kwa wakati wake, kwa watu wake, aamue mwenyewe leo ni kisamvu au ni kunde. Alipopata mawe matatu na sufuria moja, hata chini ya turubai, watoto waliketi wakamzunguka, na baba akapata mahali pa kurudi. Ile ilikuwa nyumba, kuta hazijajengwa bado. Tulioachiwa kuta zetu tumshukuru Mungu kwa kuzitumia.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu wote. Msichana asifundishwe peke yake. Mvulana ajue kukuna nazi, kuosha sahani, kumpikia uji mama yake akiugua. Kesho ataishi Dar es Salaam chumba kimoja, keshokutwa mkewe atakuwa amejifungua, na hatakuwa na haja ya kuhangaika. Bibi mliobaki, fundisheni mlivyovijua: kukausha samaki, kuhifadhi kunde, kupika muhogo wa futari ukakolea nazi. Ramadhani hatutaki kununua kila kitu kwenye mifuko.

Muadhini ananitazama, wakati umefika. Leo tukishatoa salamu, msipitie vijiweni. Nendeni nyumbani, mkae chini, mle pamoja, simu zibaki ndani. Lakini kabla hamjapakua, kuna sahani ya kutoka. Mtume alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Hapa mtaani yupo aliyejifungua wiki hii, wapo wazee wanaoishi peke yao, yupo mgonjwa ambaye mkewe anamuuguza na hana nafasi ya kuwasha moto. Vijana wa madrasa watapita nyumba kwa nyumba na masinia mawili, mara tu baada ya sala. Wakibisha hodi, wasingojeshwe. Mwenye wali atoe wali, mwenye bada atoe bada, mwenye mchuzi mtupu atoe mchuzi. Na kina baba, wakifika, mwamke nyinyi wenyewe kuwapakulia.

Bwana muadhini, tafadhali.